Swali Si Ukafiri

Hapa Nsambya, kwenye hospitali ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1903 na kambi ya polisi ambayo watoto wake wamekuzwa na Kiswahili, msikiti wa Kibuli waonekana kilima cha pili. Watoto wengi wa Kiislamu huishi baina ya vilima hivi: asubuhi shuleni pamoja na wenzao Wakristo, jioni madrasani.

Mmoja wao alitujia amenuna. Alikuwa amemwuliza mwalimu wake wa dini: "Maalimu, nitajuaje kwamba niambiwayo ndiyo kweli, na jirani yangu Mkristo naye huambiwa yake ndiyo kweli?" Jawabu lilikuwa kiboko, na neno kwamba Ibilisi ndiye aliyesema kinywani mwake. Nasi tulipoelezwa, tulimwambia arudi kwa maalimu wake akaombe radhi. Kosa letu hilo ndilo lililotuandikisha makala haya.

Twasema wazi: mwalimu yule hakuilinda imani, alijilinda mwenyewe. Nasi tulimsaidia.

Walimu wa Kiswahili tuna haki ya kuingia katika jambo hili, maana maneno yake ni mali ya somo letu. Lugha yetu imepokea kutoka Kiarabu wasiwasi, shaka, dhana na yakini. Wasiwasi ni msukosuko wa moyo usio na hoja. Shaka ni kusimama baina ya mawili bila kuelemea popote. Dhana ni kuelemea upande mmoja pasipo uhakika. Yakini ni kutulia. Hizi ni ngazi, wala wanazuoni hawakuzichanganya. Ajabu ni kwamba madarasani mwetu zile tatu za kwanza hutupwa katika kapu moja, nalo likaitwa kufuru. Mtoto atafikaje kwenye yakini, ikiwa kila kidato cha ngazi kimekatwa?

Tutazame Kurani yenyewe. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahimu amwomba Mola wake amwonyeshe jinsi ahuishavyo wafu. Aulizwa kama haamini. Ajibu kwamba aamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliamriwa atwae ndege wanne, akapewa jawabu. Ikiwa Mola alimjibu mja wake, sisi walimu ni nani hata tuone haya kujibu?

Imamu Al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufundisha katika Nidhamiya ya Baghdad, asimulia katika Al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyozitilia shaka hisi zake, kisha akili yake, kwa karibu miezi miwili. Tena asema hakuponywa kwa hoja zilizopangwa, bali kwa nuru aliyoitia Mungu kifuani mwake. Wapinzani wetu huishika sehemu hii ya pili, wakasema: mwaona, imani haitafutwi kwa maswali! Nasi twakubali kwamba imani si jumla ya hesabu. Lakini nuru ile ilimfikia mtu aliyekuwa akitafuta. Haikumfikia aliyefumbwa mdomo.

Wapo wasemao: mtoto akifunguliwa mlango wa shaka atapotea. Kweli, yuko aulizaye ili ashinde, na huyo hana haja ya jawabu. Lakini anayeuliza ili ajue, akinyamazishwa, shaka yake haifi, hujificha. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Historia ya Buganda yatupa onyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Waislamu waligawanyika juu ya swali la fikihi: baada ya sala ya Ijumaa, adhuhuri nayo isaliwe? Makundi yakaitwa Juma na Zukuli. Lilikuwa swali halali. Twaona kilichokosekana si elimu tu, bali mazoea ya kuulizana bila kuwa maadui. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akijadili mambo ya dini kwa Kiswahili mbele ya wasomaji wa kawaida. Aliwaamini watu kwamba wanaweza kufikiri.

Nchini Uganda, Kiswahili kimebeba sifa ya lugha ya amri, ya kambi na gwaride. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa cheo cha lugha rasmi ya pili. Cheo hicho kitatufaa nini, ikiwa mtoto ajua kusema "ndiyo, afande" na "ndiyo, maalimu", lakini hana ruhusa ya kusema "kwa nini"?

Basi yatupasa tuanze sisi wenyewe. Tufundishe tofauti ya shaka na ukafiri, kama tufundishavyo tofauti ya nomino na kitenzi. Na tusipojua, tuseme hatujui. Imamu Malik alisifika kwa kusema "sijui" bila haya, wala heshima yake haikupungua.

Yule mwanafunzi hajauliza tena. Wengine husema ameongoka. Sisi twajua amenyamaza tu. Tulipaswa kumwambia: swali lako limewahi kuwasumbua wakubwa kuliko wewe, keti, tulichunguze pamoja. Deni hilo bado hatujalilipa.