Mheshimiwa, Njoo Wakati wa Mvua

Wanafunzi wenzangu, tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu kule El Adde, Somalia. Siku 12 baadaye Rais Uhuru Kenyatta alifika Eldoret kuwaomboleza. Alifanya vyema, sikatai. Lakini serikali haikututangazia idadi ya waliokufa. Jamani, utampaje mtu pole hujamhesabu?

Na majeruhi je? Hapa Nkoroi tuna jirani, mwanajeshi aliyestaafu, ambaye mguu wake mmoja ulibaki Somalia. Asema siku za kwanza wakubwa walijaa kando ya kitanda chake, na kamera juu. Siku hizi matope yakizidi, anayemshika mkono hadi dukani ni sisi watoto wa shule. Mheshimiwa mwenye huruma aje basi Aprili, bila kamera.