Plani ya vyoo inafika, lakini haifunguki

Wasikilizaji, kambini mama wanapanga mstari mrefu mbele ya choo, na fundi anasema: plani imefika, lakini haifunguki. Nimesikia hilo mara nyingi mno. Mchoraji aliihifadhi kwa AutoCAD 2018. Kompyuta ya fundi iko na ile ya 2010, haiwezi kuisoma. Ni kazi ya dakika moja tu: kabla ya kutuma, aihifadhi kwa toleo la 2010, ao kwa DXF ya toleo hilo, ambayo programu nyingi za uchoraji zinafungua. Aandike pia kama ni milimita ao mita, maana shimo la mita 3, lililochorwa 3000, linaweza kusomwa mita 3000! Mashirika yanayolipa wachoraji yaweke hayo ndani ya mkataba. Sasa hivi watoto wanaenda porini usiku.