Ngoma Hupashwa Moto, na Gitari Je?

Kuna maneno ambayo yamekuwa wimbo katika mikutano yetu ya utamaduni: kwamba mila ni ngoma, ni lulanga, ni filimbi ya mulizi ya wachungaji wa Kibashi, na kwamba gitari ya umeme "ni kintu ya bazungu", ibaki kwenye baa. Maneno hayo nayapinga, tena nayapinga mimi mpenzi wa lulanga.

Gitari ya umeme ilifika Léopoldville karibu mwaka 1953, mikononi mwa Mbelgiji Bill Alexandre wa studio ya CEFA. Wakongo wakaichukua, wakaifundisha kusema lugha yao. Franco ni wetu, Docteur Nico ni wetu, sebene ni yetu. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na sisi sote tukashangilia. Sasa niulize: tulishangilia nini kama si sauti? Na sauti ile ya miaka ya mwanzo, nene, tamu, isiyokata masikio, ilipita ndani ya ampli za lampu. Transista zilikuwa bado hazijaingia kwenye ampli za gitari.

Hapa Nyawera ampli ya lampu ikionekana, watu wanaitazama kama redio ya babu. Inafunguliwa, transfoma inauzwa peke yake, kabati linakuwa kiti. Kijana anachomeka gitari moja kwa moja kwenye mikseri, anapandisha sauti nyembamba mpaka mwisho, halafu anashangaa kwa nini gitari inalia kama bati. Anasema: "Ile ya lampu inakawia!"

Ndiyo, inakawia. Ngoma nayo inakawia: wazee huipasha moto, ngozi ikaze, ndipo waipige. Nani aliwahi kumwambia mpiga ngoma aharakishe? Ndani ya lampu kuna waya unaopashwa kwa volti 6.3 tu, na mpaka katodi iive vizuri haitoi elektroni za kutosha. Dakika moja, sauti inatoka. Ukiipa dakika kumi au kumi na tano, inatulia. Hapo ukipiga kwa nguvu, lampu haikati sauti kwa kisu, inaiviringisha. Ukipiga polepole, inasafika. Mkono ndio unaoamua, na hiyo ndiyo ladha tunayoitafuta.

Mtu atasema: na umeme wetu huu? Swali zuri kuliko lile la bazungu. Mtambo wa volti 220 ukipewa 170, zile 6.3 zinashuka chini ya 5. Lampu inakuwa baridi, sauti inazama, na lampu yenyewe inachakaa. Umeme unaporudi kwa kishindo ni mbaya zaidi. Basi chukua regilateri, zima ampli umeme ukikatika, ngoja utulie ndipo uwashe. Usiiwashe kamwe bila bafle kuunganishwa, transfoma itaungua. Na usiingize vidole ndani hata kama umeichomoa: kondensa zake huweza kubaki na volti zaidi ya 300, za kuua mtu. Ampli ndogo ya wati 15 inatosha salle ya mtaa. Ya wati 100 utaifungua robo tu, haitafika kwenye utamu wake.

Sijasema lampu ni uchawi. Konono N°1 wa Kinshasa walikuza likembe kwa vifaa vya kuokoteza, sauti ikapasuka, na kupasuka kule kukawa ndiyo muziki wenyewe. Sahani yao Congotronics ya 2004 ilizunguka dunia. Lakini wao walisikiliza mtambo wao mpaka wakaujua. Sisi tunatupa tusichokijua, kisha tunasimama mbele ya mikrofoni kulia kwamba mila inakufa.

Mafundi waliojifunza kazi hii kwenye redio za lampu ni wazee sasa. Chama chetu kina pesa ya mashati ya sikukuu kila mwaka. Nadai sehemu ya pesa hiyo inunue regilateri moja na lampu za akiba, na vijana wawili wakae na fundi mzee mwaka mzima. Na siku ya sikukuu ampli iwashwe hotuba zinapoanza. Kwa urefu wa hotuba zetu, itakuwa imeiva vizuri sana.