Neno la Mhariri: Matope Yale ni Yako

Desemba iliyopita msomaji wetu mmoja wa Nairobi alitupigia simu akiwa Malindi, na hakuwa na hata salamu. Alikuwa amelipia wiki nzima katika hoteli ya ufukweni, akabeba mke na watoto, akateremka kuogelea, akakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye picha alizotumiwa bahari ilikuwa buluu. Akatutaka tuandike kwamba Malindi imeharibika. Tumeamua kumjibu kwa toleo zima, ingawa jibu lenyewe ni fupi: matope yale ni yake.

Mto Athi huanzia nyanda zilizo jirani na Nairobi. Hupokea maji ya mto Nairobi pamoja na kila kilichomwagwa humo, hukata Ukambani, ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huwa Sabaki. Mvua za vuli zikipiga vilima vilivyolimwa hadi ukingoni, udongo huanza safari. Mlango wa Sabaki uko kilomita chache tu kaskazini mwa mji wa Malindi.

Kutoka hapo kazi ni ya upepo. Kusi inapovuma, mkondo huyasukuma matope kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana, ambako kamba huyafurahia na wavuvi nao huwafurahia kamba. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, matope hugeuzwa kusini: yakapita mbele ya mji, yakafika kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Na kaskazi ndio msimu wa wageni. Jua kali, vyumba vilivyojaa na maji ya chai hufika pamoja, na sijaona tangazo lililowahi kulisema hilo.

Matangazo husema jua. Nchi ya jua, mji wa jua. Jua liko hata Garissa na hakuna anayepanda ndege kulifuata. Kilichoifanya Malindi kuwa Malindi ni pepo hizi mbili. Ndizo zilizoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Mwaka 1415 ujumbe kutoka mji huu ulimfikisha twiga mbele ya mfalme wa China. Vasco da Gama, aliyekuwa amekosana na Mombasa, alipokewa vizuri hapa Aprili 1498, akapewa rubani, akaondoka kusi inaanza. Alifika Calicut kwa siku zisizotimia 30. Nguzo ya Wareno bado imesimama pale rasini na wageni hupiga picha chini yake. Wachache huuliza kwa nini yule bwana aliondoka mwezi ule na si mwingine.

Kuhusu Waitaliano wa Malindi nitasema kidogo, kwa kuwa wameandikwa vya kutosha. Walianza kuzoeana na pwani hii miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, na lugha yao imebaki madukani. Mimi mwenyewe, Mtaita halisi, nimewahi kutajiwa bei ya kikoi kwa Kiitaliano. Nikajibu kwa Kitaita. Bei haikushuka.

Kilichonikaa moyoni ni asubuhi moja maji yamekupwa, niliposimama na mzee mvuvi karibu na ukuta wa hoteli kongwe. Alinionyesha pete ya chuma iliyoota kutu ukutani. Ujanani mwake, alisema, walikuwa wakifunga dau hapo na mawimbi yakilamba mawe. Sasa kutoka pale ukutani hadi majini tulipita matuta ya mchanga, vichaka, kisha mchanga tena, wa kahawia, wenye mistari myeusi na vipande vinavyometa kama magamba ya samaki. Nikamwambia, "Mzee, bahari imewakimbia." Akacheka. "Bahari iko palepale, mwanangu. Huo unaoukanyaga ni shamba la mtu wa Machakos."

Kwa hiyo toleo hili halianzii ufukweni kama yalivyoanza matoleo yetu yote ya likizo, na kwa hayo yaliyotangulia naomba radhi. Linaanzia juu, mtoni. Mwandishi wetu ameufuata Athi hadi unapobadilika jina, na makala ya Gede, ya Mambrui na ya mapishi ya pweza yamewekwa nyuma yake, kwa makusudi. Ukienda Malindi, siku ya kwanza chukua bodaboda hadi daraja la Sabaki kabla hujavua viatu, uyaangalie maji yanayopita chini. Hoteli yako utaielewa vizuri zaidi ukirudi.

Nawe msomaji wetu wa Desemba, ukurasa wa barua uko wazi. Ila kabla hujaandika, toka nje uangalie mtaro wa nyuma ya nyumba yako unamwaga wapi.