Maneno ya Kwenye Benchi

Alhamisi ni siku ya watoto wenye mtindio wa ubongo katika kliniki ninakompeleka mpwa wangu, hapa Dar es Salaam. Anayetaka kujua familia zinategemea nini kwenye tiba kwa vitendo asimuulize daktari. Akae kwenye benchi asikilize. Nimekaa pale miaka minne, na yapo maneno niliyochoka kuyanyamazia.

"Tumekuja kukandwa." Hili ndilo linaloongoza. Mama anamlaza mtoto mkekani, anatoa chupa ya mafuta ya nazi, anasubiri. Mtaalamu, badala ya kukanda, anamuuliza: "Mkiwa nyumbani, kitu gani kinakutesa zaidi kwa siku?" Mama anaona amepoteza nauli. Kukandwa kunaburudisha, sikatai, ila mtoto hujifunza kushika kijiko kwa kushika kijiko. Dada yangu alipoulizwa swali hilo alijibu, "Kula. Saa nzima, na bado anapaliwa." Tukaonyeshwa kumkalisha wima, makalio yamerudi mpaka mwisho wa kiti, miguu imekanyaga, kidevu kimeinama kidogo. Sisi tulikuwa tunamlisha amelala mapajani kama kichanga, na chakula kinachopita njia ya hewa ndicho kinacholeta kile kifua kisichoisha. Kisha mtaalamu akakata kipande cha ndala kuukuu, akakitoboa, akapenyeza mpini wa kijiko. Mpini ukinenepa, vidole vilivyokaza vinaushika. Kijiko kile tunacho hadi leo. Ndala tumeshabadilisha mara tatu.

"Mle ndani wanacheza tu." Namwelewa baba aliyeacha kibarua kutwa nzima, halafu anamkuta mwanawe anatumbukiza vizibo vya soda kwenye kopo. Lakini autazame mkono: unaokota, unalenga, unaachia. Kuachia ndiko kugumu, na mkono usiojua kuachia kizibo hautafunga kifungo cha shati. Hata hivyo baba ana haki ya kuuliza mchezo huo ni wa nini, na asipojibiwa kwa maneno anayoyaelewa, aulize tena. Kuna wataalamu wasiopenda kuulizwa. Shauri yao.

"Wao ndio wamesomea, mimi nimwache." Wiki ina saa 168. Sisi kliniki tunapata dakika 45, wiki ambayo foleni imetuhurumia. Hapo anayefundishwa hasa ni wewe, au bibi, au dada wa kazi. Kwetu dada wa kazi ndiye anayemvalisha mtoto kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa vita. Siku tuliyokwenda naye akaambiwa: shati lianze kuingia mkono uliokaza, na wakati wa kuvua mkono huo utoke mwisho. Basi. Vita ikaisha wiki ileile.

"Atapona lini?" Hapa najibu kwa sauti ya chini. Ubongo ulioumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, au kwa homa ya uti wa mgongo, haurudi ulivyokuwa. Lakini jeraha lenyewe nalo haliendelei kukua. Kinachobadilika ni yale mtoto anayoweza kuyafanya. Aliyeweza kukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka 2 mara nyingi huja kutembea. Asiyeweza, mazungumzo huanza kugeukia kiti, choo, namna ya kusema ndiyo na hapana, na hayo si mazungumzo ya kushindwa. Anayekuahidi kwamba mtoto atatembea baada ya vipindi kumi, awe na koti jeupe au kibuyu, beba mwanao uondoke. Habari za kurogwa sizijadili.

"Wazazi wazembe, hawarudi." Hili halisemwi kwenye benchi, linasemwa upande wa pili wa mlango, na linaniudhi kuliko yote. Mtoto wa miaka 9 yuko mgongoni kwa mama yake, daladala ya kwanza imemwacha, ya pili konda anataka nauli ya watu wawili. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Kondakta hajaisoma. Anayeandika "hakuhudhuria" kwenye kadi amuulize mama kwanza siku zile nyingine alifikaje.

Na wanaorudi nao huogopa kusema kweli. Sisi tulipewa karatasi yenye mazoezi kumi na mawili ya kufanya nyumbani. Tulikuwa tunafanya mawili, la kula na la kuvaa, na kwa miezi kadhaa dada yangu alikuwa akiitikia tu kwamba yote yanafanyika. Siku aliyokiri, akisubiri kufokewa, mtaalamu alivuta karatasi, akachukua kalamu, akayakata yale kumi.