Ukivuka mpaka, habari yako atainunua nani?

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, kuna swali nimelisikia Kindu, nikalisikia Kibombo, na sasa linaulizwa hata hapa Tunda: je, twende nje ya nchi? Familia zilizokimbia Kivu zinauliza. Mafundi wanauliza. Na sisi waandishi wa redio tunaolipwa kwa kila habari, bila mkataba, tunaulizana kwa sauti ya chini, maana hakuna anayetaka mhariri asikie.

Ndugu wasikilizaji, mama na baba mliohamishwa na vita, mimi sipingi mtu kuondoka. Anayekimbia risasi hana muda wa kupanga, anashika mtoto na sufuria, basi. Ninachopinga ni maneno haya yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mtu anayejitegemea ana bahati kwa sababu "kazi yake iko ndani ya simu, anaweza kuifanya popote". Wanaosema hivyo hawajawahi kuishi kwa kuuza habari moja moja.

Angalieni kazi yangu. Mhariri wa Kindu au wa Kinshasa ananilipa dola chache kwa habari. Ananunua nini? Si sauti yangu, wenye sauti nzuri wako wengi kuliko mimi. Ananunua kwamba niko Tunda. Ananunua miguu yangu inayofika hospitali kuuliza wangapi wamepokelewa leo, macho yangu yaliyoona daraja lililochukuliwa na mvua, na yule mzee wa kijiji ambaye hasemi na mtu wa redio asiyemfahamu baba yake. Siku nikituma habari nikiwa Kampala, nitakuwa nauza kitu ambacho sina tena. Mhariri atanihurumia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atamtafuta kijana mwingine aliye Tunda mwenye simu nzuri, na kwa kweli atakuwa na haki.

Tena tusifichane. Wengi wetu hatuishi kwa malipo ya redio, ambayo yanaweza kuchelewa miezi. Tunaishi kwa kile kinachoitwa kupaje, zile franka anazotoa mwenye mkutano au mwenye sherehe, eti za usafiri. Ni desturi mbaya, inamfunga mwandishi mdomo, nami nimeisema vibaya mara nyingi. Lakini imelipa karo za watoto wa waandishi katika Kongo nzima. Hiyo haivuki mpaka. Hakuna mkutano Nairobi ambapo bahasha inamngojea mwandishi wa Kibombo.

Lugha pia. Kiswahili chetu cha Maniema kitakufikisha Bujumbura, Kigoma na Mombasa, watu watacheka kidogo lakini wataelewa. Kifaransa, ambacho ndicho tunachoandikia habari za kuuza, kinapoteza bei yake ukishapita Bunagana. Kampala wanataka Kiingereza na Kiganda. Mwandishi wa miaka kumi ya kazi anaweza kufika huko akawa mwanafunzi wa kuanza na salamu.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi.

Chukueni Kenya. Tangu Septemba 2023 Mkongomani haombi viza ya kuingia. Jambo jema, kwa mwenye paspoti. Ile ya kibiometria ilipoanza mwaka 2015 iliuzwa dola 185, na mwaka 2020 ikashuka hadi 99. Hata hiyo 99 ya wakati ule, nihesabieni ilikuwa habari ngapi za Tunda. Lakini tuseme umeipata. Kuingia si kufanya kazi. Mgeni ni mgeni, na siku zake zikiisha anakuwa mtu asiye na jina mbele ya polisi.

Kenya wana vibali vya kazi vyenye herufi. Herufi M ni ya mkimbizi aliyetambuliwa. Herufi N waliitangaza mwaka 2024 kwa ajili ya wale wanaoitwa wahamaji wa kidijitali, watu wanaoishi nchi moja na kulipwa na nchi nyingine kwa kazi ya kompyuta. Mtasema: huyo si mimi? Ninaishi Nairobi, ninalipwa na redio ya Kongo! Ndiyo, kwa maelezo ni wewe kabisa. Ila wa herufi N anatakiwa kuonyesha kipato cha makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kwa hiyo kijana wa Ulaya anayepiga picha za vinyago na kuziuza kwa intaneti anaingia kwa N, anakaribishwa, anatafutiwa nyumba yenye upepo. Mwandishi wa Kongo anayefanya kazi ya namna ileile anaingia kwa M, baada ya mistari, mahojiano na miezi ya kungoja. Herufi mbili zinazofuatana! Katikati yake wameanguka wengi.

Uganda ni afadhali, nawapa haki yao. Sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Ukikubali kwenda kwenye makazi kama Nakivale au Rwamwanja, unapewa kipande cha ardhi. Ukichagua Kampala, ambako ndiko kazi ya mwandishi inaweza kupatikana, unajitegemea: msaada unabaki kule makazini. Yaani unachagua kati ya jembe bila intaneti na intaneti bila chakula.

Na kwa sisi wa huku, Uganda iko mbali. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu Juni 2022, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na vita ya Januari 2025. Mtu wa Tunda akitaka kutoka nje kwa fedha kidogo, njia yake ya asili ni reli: Kibombo, Kabalo, Kalemie, kisha maji ya Tanganyika hadi Kigoma. Treni yenyewe mnaijua, unaweza kuizeekea ukiingoja. Na ukifika ng'ambo, uko Tanzania, nchi ambayo sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 1998 inakuweka kambini. Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na wapo waliozaliwa mle ambao sasa wana watoto wao. Kutoka kambini ni kwa ruhusa. Kufanya kazi nje ya kambi ni shida kubwa. Basi njia iliyo karibu zaidi na sisi inaishia kwenye nchi ambayo mlango wa kazi umebana zaidi. Hilo sijasikia mtu akilisema kwenye WhatsApp.

Mtaniambia kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliingia mwaka 2022, watu na wafanyakazi watatembea huru. Nimeyasoma pia. Siku nitakapomwona dereva wa pikipiki wa Kindu akifanya kazi Kigoma bila kusumbuliwa, nitaandika habari hiyo bure.

Kuna jambo jingine ambalo linatugusa sisi waandishi kuliko wengine. Ukishaandikishwa kuwa mkimbizi, umesema kwamba huwezi kurudi nchini mwako. Ukionekana unaingia Kongo kutafuta habari na kutoka, unaweza kupoteza hadhi hiyo, maana ulinzi umewekwa kwa yule ambaye hawezi kurudi. Na mwandishi anayelipwa kwa kila habari anaishi kwa kwenda na kurudi! Usalama wake na mkate wake vinavutana shati.

Wapo waliojaribu kufanya kazi yao wakiwa nje, na hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Mei 2015, baada ya mapinduzi kushindwa Bujumbura, redio za watu binafsi zilichomwa na kufungwa, na waandishi wengi wa Burundi wakakimbilia Kigali. Pale hawakukaa kimya. Walirusha vipindi kwa intaneti na kwa WhatsApp, na kule Burundi watu walivisikiliza kwa simu na kupeana. Sauti za nyumbani zikaendelea kusikika nyumbani, miaka karibu sita. Kisha Kigali na Bujumbura wakaanza kusogeleana, na mwaka 2021 Rwanda ikazitaka zisimame. Zikasimama. Nawaheshimu sana wale wenzetu, kwa sababu walithibitisha kwamba kazi inawezekana. Lakini waliifanya kwa umoja, wakiwa redio zenye jina, wahariri na watu wa kuwatetea, na bado ilikatwa siku moja. Mwandishi mmoja mmoja, mwenye simu iliyopasuka kioo, ana nguvu gani?

Msimamo wangu ni huu. Mwandishi ambaye jina lake linatafutwa na watu wenye silaha aondoke leo, asisome hata makala hii hadi mwisho. Tunakumbuka Bukavu: Serge Maheshe aliuawa Juni 2007, Didace Namujimbo Novemba 2008, wote wa Radio Okapi, redio yenye nguvu ya Umoja wa Mataifa nyuma yake. Akifika mpakani aseme wazi kwamba anaomba hifadhi, asijifanye mtalii kwa kuogopa mstari mrefu. Na akiendelea kutangaza kutoka huko, amwambie msikilizaji yuko wapi. Msikilizaji wa Tunda si mjinga, anajua tofauti ya aliyeona na aliyepigiwa simu.

Lakini yule ambaye hatafutwi kwa jina, anayekimbia njaa na hofu pamoja na wengine, ahamie kwanza ndani ya nchi. Kindu, Kisangani, Lubumbashi. Huko kadi yake ya mpiga kura bado ni kitambulisho, Kifaransa chake bado kinauzwa, na mhariri bado anaweza kumtumia fedha kwa simu ileile. Najua Kindu kodi ya nyumba imepanda na samaki wa Lualaba amekuwa wa tajiri. Hata hivyo hapa unaweza kuanza kazi wiki hii.

Hili linawahusu pia ninyi familia zisizo na mwandishi ndani yake. Kabla ya kuuza vitu mwende nje, jiulizeni kazi yenu inanunuliwa na nani: na aliye mbele yenu, au na waliowafahamu kule mlikotoka? Namfahamu mama mmoja aliyekimbia Bukavu na cherehani yake. Mkono wake hauulizi jimbo. Popote penye watoto wa shule atashona sare. Mume wake alikuwa dalali wa viwanja. Dalali anauza kufahamiana, na kufahamiana kulibaki Kadutu. Katika nyumba moja, mmoja angeweza kuvuka mpaka akala kesho yake, mwingine angekaa miaka.

Na sasa neno kwa wakubwa wa redio zetu, ambao wanasoma hapa hata wakijifanya hawasomi. Mnatutumia miaka mitano, miaka minane, bila hata karatasi moja. Tukifika mbele ya ofisa wa wakimbizi, Kampala au Bujumbura, tunasema "mimi ni mwandishi", naye anauliza: una nini cha kuonyesha? Hatuna mkataba, hatuna risiti ya mshahara. Tuna sauti zetu kwenye simu, kama simu haikuporwa njiani. Sidai mishahara leo, najua hali ya redio za jamii, jenereta peke yake inameza kila kitu. Nadai barua. Barua yenye muhuri, inayosema fulani ametuletea habari kutoka mahali fulani tangu mwaka fulani, yenye namba ya mtu wa kupigiwa, na nakala yake ihifadhiwe nje ya mji, maana tumeona jinsi ofisi zinavyoporwa. Na deni la habari zilizokwisha kurushwa lilipwe kabla mwandishi hajapanda pikipiki ya kukimbia. Mimi mwenyewe nadai habari za miezi minne mahali ambapo sitapataja.

Barua kama hiyo inaandikwa kwa nusu saa. Nimekwisha kuandaa mfano wake, ukurasa mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiswahili, na wiki ijayo nitaupeleka Kindu. Mwenzangu yeyote anayeutaka aniombe, nitamtumia. Mhariri atakayekataa kuutia sahihi nitamwomba anieleze kwa nini, mbele ya kipaza sauti.