Kwanza somo, mashine baadaye

Rwanda haikuchelewa kupeleka kompyuta shuleni. Mwaka 2008, wakati nchi nyingi jirani zikiwa bado kwenye mazungumzo, ilianza kuwapa wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child, zile za kijani na nyeupe. Katika miaka iliyofuata ziligawiwa zaidi ya 200,000. Mwaka 2016 mkazo ukahamia kwingine: badala ya kila mtoto kuwa na kompyuta yake, shule ipate chumba chenye kompyuta, projekta na intaneti, na madarasa yapokezane. Chumba hicho ndicho kinachoitwa Smart Classroom.

Mpango umebadilika, swali limebaki lile lile: mashine ikishafika, inafanya kazi gani? Hapa wilayani Rusizi tunapenda kuulizana shule fulani ina kompyuta ngapi. Ni nadra kuulizana mtoto wa darasa la nne alijifunza nini kwenye kompyuta hizo Jumanne iliyopita.

Msimamo wetu ni mfupi. Mashine isiwashwe mbele ya mtoto, shuleni wala nyumbani, kabla mtu mzima aliye karibu naye hajajua inawashwa kwa kazi gani na itazimwa saa ngapi. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili aiache kabatini.

Wanaodhani tunatia chumvi watazame Peru. Nchi hiyo iligawa kompyuta nyingi za aina ile ile kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watafiti walipowapima wanafunzi wa shule za vijijini, ripoti yao ya mwaka 2012 ilisema waziwazi kwamba alama za hisabati na lugha hazikupanda. Watoto walijua kuitumia kompyuta, hilo hakuna anayelikataa. Lakini mashine iliingia darasani bila mwalimu kuonyeshwa vya kutosha aiweke wapi katika somo lake, na somo likabaki jinsi lilivyokuwa.

Karibu na kwetu kuna funzo zuri zaidi. Huko Kisumu, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma madarasa ya mwanzo. Njia ya kwanza iliwapa tableti maafisa wanaowatembelea walimu madarasani. Ya pili iliwapa walimu wenyewe. Ya tatu iliwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Zote ziliambatana na vitabu vya kutosha, mwongozo wa mwalimu na ziara za mara kwa mara. Watoto walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao wasiokuwa kwenye mpango, lakini tofauti kati ya njia hizo tatu haikuwa ya maana. Kazi kubwa ilifanywa na vitabu, mwongozo na ziara. Kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikogharimu zaidi.

Kenya ilipopanua kazi hiyo kuwa mpango wa kitaifa wa Tusome, tableti ilikwenda kwa ofisa. Alipofika darasani alimtazama mwalimu akifundisha, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kifaa kikamhesabia maneno kwa dakika, kisha akakaa na mwalimu kumshauri. Mtoto hakuishika tableti hiyo kabisa, na faida aliipata. Wilaya yetu ina maafisa elimu katika kila sekta, kuanzia Bweyeye kule msituni hadi kisiwani Nkombo. Tableti ya kwanza ingewafaa wao kabla ya kufikiria mamia ya tableti za wanafunzi.

Wapo watakaosema mtoto anaweza kujifunza peke yake akipewa programu nzuri. Wana hoja, na ushahidi wao uko Tanga, Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa huo, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa. Programu zilikuwa za Kiswahili, zilifanya kazi bila intaneti, na vijiji viliwekewa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kila watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Kwa mtoto asiye na shule, hayo ni mafanikio makubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha wengi walibaki hawajui kusoma, na watoto wetu wa Rusizi wanazo shule na walimu. Mashine inaweza kumsaidia mwalimu. Kumwondoa na kuketi mahali pake, Tanga haikuthibitisha hivyo.

Tanga imetuachia na jambo jingine: lugha. Mtoto wa wilaya hii anazungumza Kinyarwanda nyumbani, anasikia Kiswahili soko la Kamembe na mitaa ya Bugarama, kisha darasani anafundishwa kwa Kiingereza, ambacho kwa uamuzi wa Desemba 2019 ndicho lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ukimweka mbele ya kompyuta yenye masomo ya Kiingereza kitupu, unampa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuelewa maneno na kuelewa hesabu. Atabonyeza mpaka jibu sahihi litokee lenyewe, na sisi tutasema anajua kompyuta.

Hapa Rusizi tuna bahati ambayo wilaya nyingi za Rwanda hazina. Kiswahili, lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2017, kwetu ni lugha ya kila siku. Masomo mazuri ya Kiswahili yapo tayari. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Tanzania mwaka 2014, zinafundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na visa ambavyo mtoto wa Bugarama anavielewa bila mkalimani, na watengenezaji wake wametoa vipindi vya Kinyarwanda pia. Mwalimu anaweza kuonyesha kipande cha dakika 10 kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kinyarwanda pale palipo pagumu, kisha akawapa watoto maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani. Hapo lugha tatu zinamsaidia mtoto badala ya kumchosha.

Kuhusu intaneti, tusiifanye kisingizio. Kweli zipo siku ambapo mtandao unakatika somo likiwa katikati, au bando la shule linaisha kabla ya mwezi kwisha. Dawa ni kuweka masomo ndani ya shule. Programu ya Kolibri, kwa mfano, ni ya bure. Masomo hupakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine za chumbani huyachukua hapo bila intaneti hata kidogo. Mkuu wa shule anaweza kupakua masomo ya muhula mzima mjini Kamembe na kurudi nayo kwenye diski.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Kwa sababu ya UVIKO-19 shule zilifungwa mwezi Machi na kuanza kufunguliwa Novemba, na wilaya yetu, kwa kuwa iko mpakani, ilibaki chini ya vizuizi wakati nyingi zimeshaachiwa. Masomo yaliwekwa kwenye intaneti, lakini kwenye vilima ambako hakuna simu janja wala bando, kilichobaki ni redio. Redio haina sifa ya kupigiwa picha kwenye sherehe ya makabidhiano. Ni teknolojia hata hivyo, ni rahisi, haihitaji bando, na familia nyingi zinayo. Kuitumia teknolojia kwa busara ni pamoja na kutoiacha ya zamani inayofanya kazi.

Darasani, kipimo kiwe kile ambacho chaki haiwezi kukifanya. Ramani ya setilaiti inamwonyesha mtoto jinsi mto wetu unavyotoka Ziwa Kivu, unavyoteremka mabondeni, unavyopita tambarare ya Bugarama na kwenda kumwaga maji Ziwa Tanganyika. Video inamwonyesha moyo ukipiga. Hizo ni kazi za projekta. Kuandika muhtasari wa kurasa tatu kwenye skrini ili wanafunzi waunakili daftarini si kazi yake, maana ubao ungetosha na umeme ungebaki.

Simu ya mwanafunzi, kwa upande wake, haina nafasi darasani. Shule nyingi za bweni zinaikataza, na tunaziunga mkono. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Kipindi chetu kina dakika 40. Ujumbe mmoja tu unakula nusu yake. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 kuwazuia watoto wa shule za msingi na za kati kutumia simu shuleni, na Sweden, iliyokuwa mbele kwa skrini, tangu mwaka 2023 inatoa fedha kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Kanuni hiyo imguse na mwalimu. Mwalimu anayejibu WhatsApp huku watoto wakifanya zoezi amefuta kanuni ya shule kwa mkono wake.

Zaidi ya simu imekuja akili mnemba, inayoandika insha kwa sekunde chache. Kuipiga marufuku kabisa ni kazi bure, kwa sababu mtoto ataikuta kwa kaka yake. Afadhali afundishwe kuiuliza swali, kulinganisha jibu na kitabu, na kusema kwa mdomo alichokielewa. Mwalimu akimwita mwanafunzi mbele aeleze insha yake bila karatasi, ataijua ya nani. Na siku ya mtihani wa taifa mtoto ataingia na kalamu yake peke yake.

Sasa twende nyumbani, ambako wazazi wengi wanadhani suala hili haliwahusu. Shule nyingi bado zinasomesha madarasa ya mwanzo kwa zamu, nusu ya siku tu. Nusu iliyobaki mtoto yuko nyumbani, na simu ya mzazi ndiyo inayomlea mzazi akipika au akihesabu mauzo ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Simu hiyo hiyo ina pesa za MoMo, ina huduma za serikali za Irembo, ina picha za familia, na mtoto anajua namba ya siri. Tunamkabidhi mtoto wa miaka saba pochi yetu yote ili atulie.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili hahitaji skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mitandao mikubwa kama TikTok na Facebook inataka mtumiaji awe na miaka 13. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto wa chini ya miaka 16 hazijachukuliwa. Mtoto wa miaka tisa mwenye akaunti amedanganya umri, na mara nyingi aliyemsaidia kudanganya ni mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo.

Hatuhitaji kamati kwa hili. Simu ni ya mzazi, na mtoto anaiazima. Anaitumia sebuleni, mbele za watu, kwa kazi inayojulikana na kwa muda uliotajwa. Wakati wa chakula hakuna anayeishika, baba na mama wakiwemo. Usiku inachajiwa chumbani kwa wazazi. Namba ya siri ya pesa mtoto haijui. Mama asiyejua kusoma anaweza kusimamia kanuni hizi zote, maana hazihitaji kujua kompyuta.

Tunaomba mambo matatu. Wilaya iache kuhesabu mashine na ianze kuzikagua shule kwa ratiba: darasa lipi liliingia chumba cha kompyuta, kwa somo gani, na watoto walitoka na nini. Kila mkuu wa shule atenge fedha za matengenezo na siku za mafunzo kwa walimu wake kabla ya kuomba kifaa kipya, kwa kuwa kompyuta mbovu iliyofunikwa kitambaa haimsaidii yeyote. Na viongozi wa kila mudugudu, yaani kijiji, waiweke simu ya mtoto kwenye ajenda ya mkutano ujao wa familia, Umugoroba w'Imiryango, wazazi wakubaliane kanuni za mtaa mzima, ili mtoto anayekatazwa kwao asikimbilie kwa jirani.

Shule itakayotimiza sehemu yake na kuonyesha ratiba yake, wilaya iipe kompyuta zaidi bila kusita. Ile isiyoweza kusema zilizopo zinafanya nini, isubiri.